Azimio la Kifundo cha Mguu

Ninayo heshima kuwatangazia wananchi wote wa mwambao, tangu Luberizi kwenye mashamba ya mpunga hadi Makobola kwenye barabara ya Fizi, kwamba Uvira haina mafuriko tena. Baraza la Mwambao liliyafuta kwa kura, mchana kweupe, na mimi nilikuwepo. Naitwa Sévère, Mkuu wa Itifaki wa Baraza. Ndimi ninayegonga fimbo sakafuni waheshimiwa wanapoingia, na ndimi ninayejua nani asikalishwe karibu na nani.

Wako watu mjini wanaodai kwamba Azimio lilituletea aibu. Watu hao wana haraka ya kucheka. Acha nieleze mambo yalivyokwenda, kwa utaratibu.

Mwezi wa tano ziwa lilipanda, kama linavyopanda miaka hii, bila kuandika barua. Likaingia vichochoroni mwa mtaa wa chini, likajaza vyoo, likafika karibu na jengo la Baraza, na hapo likasimamishwa na ukuta wa magunia ya mchanga. Ukuta huo uliwekwa na wanawake wa mtaa katika salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ambayo viongozi tunaihimiza sana, kila mmoja akiwa kibarazani kwake. Aliyewaongoza ni Mama Consolée, mjane, muuza ndagala, yaani dagaa, wa kukaanga. Nyumba yake ina vyumba viwili na ilikuwa ya mwisho kabla ya maji. Nyuma ya ua wake ndipo Baraza lilipo. Tulilijenga hapo makusudi, ili tuwe karibu na wananchi.

Mama Consolée alikuja Barazani na ombi. Magunia yameanza kuoza, alisema, na anaomba malori machache ya mawe ya mlimani. Akaongeza jambo dogo. Meza yake ya biashara ilichukuliwa na maji siku yalipoingia, na sasa ameiona katika baa ya Mheshimiwa Basile, imebeba chupa.

"Ile meza alitengeneza marehemu bwana yangu," alisema. "Minye sitafuti ubaya na mutu. Munirudishie meza, mutupe na mawe. Kama magunia inapasuka, nyumba inaenda, na sina ingine. Watoto bataenda wapi?"

Ombi lilikuwa wazi, na ombi lililo wazi ni la hatari, maana mtu anaweza kulijibu palepale. Kwa bahati nzuri Rais wa Baraza, Mheshimiwa Abdoul-Karim, ni mtu mwenye uzoefu. Alilipeleka ombi panapostahili, yaani kwenye suala la mamlaka. Je, maji haya ni siasa ya ndani au siasa ya nje?

Mheshimiwa Gédéon, mwenyekiti wa Komisio ya Mambo ya Nje, alisimama akafunga kifungo cha koti.

"Ziwa iko ya inchi ine," alisema. "Yetu, Burundi, Tanzania na Zambia. Maji iliyo mbele ya nyumba ya huyu mama inaweza kuwa ya Zambia. Nani aliiuliza? Ni mugeni, na mugeni huyu hakupita mupaka ya Kavimvira kugonga muhuri. Hiyo ni diplomasia tupu."

Mheshimiwa Basile, mwenyekiti wa Komisio ya Mambo ya Ndani, alijibu bila kusimama, kwa sababu ya tumbo. Yeye anatoka Luberizi, ambako ziwa halijawahi kufika, kwa hiyo analiangalia suala hili bila upendeleo.

"Maji ikiwa kwenye ziwa, sawa, ni ya inje," alisema. "Lakini ikiwa chini ya kitanda? Mutu anionyeshe kitu cha ndani kupita chini ya kitanda."

Ukumbi uliwapigia makofi wote wawili kwa nguvu sawa, na hiyo ndiyo demokrasia.

Mjadala ulichukua siku nyingi. Kila komisio iliyataka maji, kwani mwenye suala ndiye anayesafiri kwa ajili yake. Mambo ya Nje walikwisha kuandaa semina za Bujumbura, Kigoma na Mpulungu, ili kuwasikiliza majirani wenye maji. Mambo ya Ndani waliandaa semina hizohizo, ila katika hoteli ya hapa nyumbani, yenye upepo mzuri na mbuzi wa kuchoma.

Wakati huo Mama Consolée alikuwa akija kila asubuhi, anakaa kwenye benchi la wageni na viatu vyake vya plastiki vinavyochuruzika. Nilimwekea kitambaa chini, ili asiharibu sakafu. Siku moja akanyoosha mkono.

"Mama," alisema Rais kwa upole, "hapa neno linaombwa na mbunge tu."

"Nilitaka tu kusema mayi imefika kwenye gunia ya juu."

"Tumepokea," alisema Rais. Ikaandikwa kwamba tumepokea, na tukaendelea.

Mwishowe ukapatikana mwafaka ambao nchi kubwa zingeuonea wivu. Maji yasiyofika kifundo cha mguu yatakuwa ya ndani. Yakipita kifundo, ni ya nje. Likabaki swali la kitaalamu: kifundo cha nani? Mheshimiwa Gédéon ana miguu mirefu, na komisio yake yenyewe ikaona itapunjwa. Mheshimiwa Basile ana miguu iliyonenepa hadi kifundo hakijulikani kilipo. Komisio Maalum ya Kifundo ikachagua cha Rais, ambaye ni mfupi, na kwa hiyo Mambo ya Nje wakapata karibu mtaa wote. Nilikipima kifundo hicho mwenyewe, nimepiga magoti, kwa fimbo ya itifaki. Siku ile nilijisikia nimelitumikia taifa.

Azimio lenyewe lilikuwa na ibara chache na zote nzuri. Lilisema kwamba ziwa halifuriki, bali linazuru. Lilisema kwamba popote maji yanapopita kifundo cha Rais ni ziwani, na hapo sheria za ziwa zinatumika bila kubagua. Lilisema kwamba kizuizi chochote kilichowekwa mbele ya maji ni ukuta wa mpaka uliojengwa bila kuwauliza majirani, nao uondolewe mara moja kabla haujaleta ugomvi. Mwishoni kabisa Mheshimiwa Basile aliomba kuongeza ibara ya kulinda uchumi: kitu kinachookotwa kikielea ziwani ni mali ya aliyekiokota. Aliitetea kwa uchungu mkubwa. Hakuna aliyetaja meza, maana sisi ni watu wenye adabu.

Nilitoka nje kumweleza Mama Consolée, kwa kuwa mwananchi ana haki ya kuelezwa.

"Kwa hiyo mbele ya mulango yangu iko ziwa?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na magunia yetu iko mupaka."

"Mpaka haramu, Mama."

Aliutazama ukuta, akalitazama jengo letu, akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. "Muna roho mubaya," alisema. "Lakini hakuna neno, Papa Sévère. Minye na nyinye tuko majirani." Kisha akauliza tena watoto watalala wapi. Nilimjibu kwamba swali hilo ni la ndani, na Mambo ya Ndani walikuwa wameshashindwa.

Malori yalipatikana siku hiyohiyo. Yalikuja kuchukua magunia, yakayapandisha mlimani hadi kwenye makazi ya Rais, yatunzwe kama vielelezo. Yalipangwa vizuri kando ya bustani yake, pale ambapo mvua ilikuwa inakula udongo. Ni sadfa tu, na Rais mwenyewe alishangaa jinsi yalivyokaa sawasawa.

Maji yaliingia kwa Mama Consolée kabla lori la mwisho halijawasha injini. Aliwapeleka watoto kwa rafiki yake Mama Kadija, kule juu sokoni, akarudi kuokoa sufuria. Alikuwa analia huku anafanya kazi. Niliona, na sikupenda kuona, basi nikarudi ofisini.

Kesho yake kulikuwa na kikao cha kugawana semina. Niligonga fimbo sakafuni na haikulia. Nilipotazama chini, nikaona fimbo imesimama ndani ya maji. Waheshimiwa waliinua suruali wakaendelea. Wakainua makabrasha wakaendelea. Mheshimiwa Gédéon alikuwa bado anaeleza umuhimu wa Mpulungu, wakati Rais, aliye mfupi, alipoanza kuangalia miguu yake asiione.

Hapo akaingia Ajida Michée wa Walinzi wa Ziwa, mtu mwenye buti ndefu na sura isiyocheka. Alipiga saluti.

"Waheshimiwa, muko nafanya nini mu ziwa?"

"Tuko kwenye kikao," alisema Rais.

"Ziwa imefungwa. Kila mwaka miezi hii tunafunga, samaki bazae. Kazi yote iko marufuku. Mutoke."

"Sisi tuna kinga ya ubunge."

"Kinga iko ya inchi kavu, Honorable. Hapa muko inje."

Naomba nimsifu Mheshimiwa Gédéon, ambaye alisimama kumuunga mkono Ajida. Alitangaza kwa furaha kwamba jengo zima sasa liko chini ya komisio yake. Mheshimiwa Basile akapiga kelele kwamba Azimio lifutwe papo hapo. Ikabidi niwakumbushe kanuni: azimio hufutwa ndani ya ukumbi tu. Ukumbi ni ziwa, na ziwa limefungwa mpaka samaki wazae. Nilijivunia kuikumbuka kanuni hiyo. Hakuna aliyenishukuru.

Tulitoka kwa mstari, kwa itifaki, wa vyeo vya juu mbele. Kiti cha Rais, chenye mto mwekundu na nembo ya Baraza, hakikungoja kubebwa. Kilielea, kikatokea mlango wa nyuma, kikapita pale ulipokuwa ukuta, na kikaenda kugonga kizingiti cha Mama Consolée. Alikuwa hapo anachota maji ya ndani kwa sufuria na kuyamwaga nje. Alikivuta kwenye kilima cha takataka kilichobaki kikavu, akakipangusa kwa kitenge, akakaa.

"Mama," nilimwambia, "hicho ni kiti cha Baraza."

"Nimeokota," alisema. "Kilikuwa kinaelea." Akamwangalia Mheshimiwa Basile, naye Mheshimiwa Basile akaanza kutafuta kitu mfukoni.

Rais alielewa hali haraka, ndiyo maana ni Rais. Bila ukuta hakuna ukumbi, bila ukumbi hakuna sheria, bila sheria hakuna ukuta. Alisogea karibu, akapunguza sauti.

"Mama, wanawake wenu... ile salongo. Hawawezi kuanza tena? Hatutauliza ruhusa."

"Banamuke bamechoka," alisema Mama Consolée. "Lakini salongo haina mwenyewe. Mwenye anafika, anabeba. Magunia iko kwako, weye unajua njia."

Rais alimtazama Ajida Michée, akitumaini katazo. Ajida alifikiri, akasema kwamba salongo si kazi, ni salongo.

Basi mji wa Uvira uliwaona wabunge wake wakishuka mlimani kwa miguu, wamevaa suti, magunia mabegani, mchanga ukiwamwagikia shingoni. Mheshimiwa Gédéon alibeba la kwake mbali na mwili, kidiplomasia. Mheshimiwa Basile alikuja wa mwisho na meza kichwani, na watu wa sokoni wakamsindikiza kwa nyimbo. Mama Consolée aliwaonyesha pa kuanzia, nao walianzia mlangoni kwake.

Jua lilipokuwa kali, Rais alisimama mbele ya kile kiti, gunia begani, jasho likimwingia machoni. Alinyoosha mkono kama kanuni zinavyotaka.

"Mama, naomba neno."

Mama Consolée alitengeneza ule mto mwekundu mgongoni.

"Tumepokea, Honorable," alisema. "Weka kwanza gunia, urudi kuchukua ingine."