Injinia na Matundu Mia Mbili na Arobaini

Injinia hakuwa injinia wa kitu chochote. Mtaani walimpa jina hilo kwa sababu ya kalamu tatu alizozichomeka mfukoni mwa shati, mbili kati yake hazina wino. Asubuhi moja alikuwa kwenye duka la vifaa akijifanya anachagua misumari, akamsikia seremala akimlalamikia muuzaji. Seremala huyo alitengeneza kabati la duka la dawa, likarudishwa: matundu ya kushikilia rafu upande wa kushoto yamepishana na ya kulia, rafu zimelala upande, chupa zinaserereka. Yalibaki makabati sita, kila moja la matundu arobaini, na mteja alikuwa anayafuata jioni ile ile. Angeyakataa na hayo, karakana ingefungwa.

Alichohitaji ni kibao cha kuongozea keekee ya kutobolea mbao, chenye matundu yaliyopangwa tayari. Cha chuma kilimshinda bei. Cha plastiki alikigeuzageuza, akakirudisha, akaondoka na mawazo yake.

Injinia alinunua kile cha plastiki, na kopo la rangi ya fedha. Kufikia saa nne kibao kilikuwa kimekauka juani na kupata uraia wa ng'ambo.

Karakanani aliwakuta seremala na mama mkwe wake, mwenye chumba cha karakana na mwenye neno la mwisho, mama akipiga msasa mlango. Injinia akamwaga maneno: vya rahisi vinakufa haraka, vya ghali vinamuua mnunuzi, hiki cha kwake ni chuma chepesi, bei ya katikati, kimebaki kimoja. Seremala alishaanza kupapasa mfuko.

“Tuoneshe kwanza, mwanangu,” alisema mama mkwe bila kuinua kichwa. “Toboa wewe mwenyewe, sisi tuangalie.”

Injinia akavua koti, akatoboa ubavu mmoja. Matundu yakanyooka kama askari wa gwaride. Mama akasifu, ila akauliza kama rafu huwa inakaa kwenye ubavu mmoja. Akatoboa wa pili. Mama akasema kabati moja linaweza kuwa bahati. La pili likamalizika. Mama akawa na wasiwasi kuhusu mbao nzito. Kila alipotaka kukataa, Injinia aliona noti zikichungulia kwenye mkunjo wa kanga ya mama, na mkono ukairudia keekee wenyewe. Historia haijaandika tapeli mwingine aliyetoka jasho la halali kiasi kile.

Injinia alipopumzika kunywa maji, baada ya kabati la pili, seremala aliazima kibao, akakibana juu ya kipande cha mti mgumu, akatoboa kupitia matundu yake. Kisha akayapanua kidogo matundu ya mti, akakata vipande vifupi vya bomba jembamba la chuma, akavipigilia ndani ya kila tundu ili keekee isiutafune mti. Injinia alidhani mteja wake anajifurahisha.

Kwenye kabati la tano rangi ilianza kubanduka. Plastiki ikachungulia, matundu yake yakapanuka, keekee ikaanza kuyumba. Injinia alikaa tayari kukimbia. Seremala alimpokonya kibao taratibu, akampa kile cha mti. Injinia, kwa aibu au kwa mazoea, akaendelea mpaka la sita.

Mwenye duka la dawa alifika jioni. Aliingiza rafu moja moja, akaweka juu yake chupa iliyojaa maji. Maji hayakuegemea popote. Akauliza nani ametoboa. Mama mkwe akamwonesha Injinia kwa kidevu, na Injinia akajikuta anatabasamu kwa furaha asiyoijua asili yake.

Makabati yalipoondoka akataja bei ya kibao chake.

“Hicho chako chukua, baba,” alisema mama mkwe. “Sisi tumeshachagua cha mti. Ila mkono wako umetulia. Jumatatu kuna vitanda.”

Injinia alijibu kwa hadhi kwamba yeye ni mfanyabiashara, hana nafasi. Akatoka, unga wa mbao umejaa hadi kwenye nyusi. Hakufika mbali. Mama mmoja mwenye mlango begani alimsimamisha.

“Fundi, kutoboa tundu la kitasa ni kiasi gani?”

Injinia alifungua mdomo autaje ule uongo wake wa kila siku, ikatoka bei ya haki. Alishtuka kuliko mteja.