Luc Kagawa Matufaha, Yakaongezeka

Jumanne asubuhi, nje ni digrii ishirini na mbili chini ya sifuri, magari yameachwa yanaunguruma kwenye maegesho yasije yakagoma kuwaka, na sisi tumeshabanana kwenye meza yetu ya dirishani kwa Lorna, pale kwenye mgahawa wa donati, hapa hapa Miramichi, Kanada. Verna kashika gazeti. Huyu mama kakaa posta miaka ishirini na sita akipanga barua za watu, tunamwita Redio, na Redio ikishika gazeti hakuna anayekunywa kahawa yake kwa amani.

"Sikilizeni nyie! 'Watoto wa darasa la kwanza la Kifaransa wachechemea kwenye hesabu. Msaada wa nyumbani watajwa kuwa tatizo.'"

"Msaada ndio tatizo?" akauliza Jaji. "Si kukosa msaada?"

"Msaada. Nimesoma kwa miwani."

Jaji jina lake Hollis Matchett. Kaendesha basi la shule miaka thelathini na moja, na tangu astaafu anatoa hukumu kwa kila kinachopita mbele yake, kuanzia bei ya mafuta mpaka ukubwa wa tundu la donati.

"Mimi nilisema zamani," akaanza. "Mtoto wa watu baba yake ung'eng'e, mama yake ung'eng'e, mbwa wao ung'eng'e. Anafika miaka sita tu unamtumbukiza kwenye darasa ambalo kujumlisha ni Kifaransa, kuimba Kifaransa, kuomba ruhusa ya kwenda chooni Kifaransa! Mnajua wangapi wamenikojolea kwenye basi? Siku nzima walikuwa wanatafuta neno."

"Wanazoea haraka," akasema Tilmon taratibu. Tilmon Savoie ndiye peke yake mezani aliyezaliwa ndani ya Kifaransa, mzaliwa wa kule Tracadie, mstaafu wa mashua za kambamti. Tunamwita Balozi.

"Haya Balozi, kwenu tisini na saba mnaisemaje?"

"Ishirini mara nne, na kumi na saba."

Jaji akapiga meza, vikombe vikaruka. "Mmemsikia? Mtoto kabla hajaanza swali ameshazidisha na kujumlisha! Akishindwa mnamlaumu?"

"Ndiyo maana wanachangamka akili," nikachomekea.

"Nyamaza Barafu, wewe umesoma Kifaransa miaka tisa, unajua kusema 'habari' na 'samahani'."

Kweli tupu. Mimi wananiita Barafu kwa sababu naendesha ile mashine ya kulainisha barafu uwanja wa hoki, kazi isiyohitaji maongezi kwa lugha yoyote.

Hapo hapo mlango ukafunguka, upepo ukaingia na Darrell Estey, fundi matairi. Hakukung'uta buti. Hakusalimia. Kwapani kabana faili la plastiki lenye picha ya farasi mwenye pembe. Zamani tulimwita Bulldoza. Tangu Septemba anaitwa Boksi, na sababu mtaisikia.

"Baba Kinsley," Redio akamwita, sauti imelainika ghafla. "Mbona umekunja uso? Kaa hapa."

Akakaa. "Naitwa shule saa nne na nusu. Wanataka nisaini fomu. Kinsley ahamishwe, aende darasa la Kiingereza."

Meza ikapoa. Akitoka kwenye Kifaransa sasa hivi, kurudi hakuna. Mlango wa kuingilia ni mmoja, darasa la kwanza, na ukifungwa umefungwa.

"Sasa msiba uko wapi?" Jaji akasema. "Mimi nimetoka darasa la Kiingereza, na hivi ninavyoonekana..."

"Hivyo hivyo unavyoonekana," Redio akamkata.

"Jaji, acha masihara," Darrell akasema. "Unajua na mimi najua. Watoto wa daktari wako wapi? Watoto wa meneja wa benki? Wote kwenye Kifaransa. Ile ni shule ya wakubwa, tofauti yake hailipishwi ada. Upande wa pili wanarundikwa wa kwetu na kila aliyeshindikana, mwalimu mmoja, viti havitoshi. Na mimi kazi ya kupokea simu ofisi ya barabara niliikosa kwa nini?"

"Kwa sababu ulimwambia bosi barabara zake ni mbovu."

"Kwa sababu sina Kifaransa! Nikaapa mwanangu hatakosa. Mama yake anaingia zamu za jioni kule nyumba ya wazee, kwa hiyo masomo yote nasimamia mimi. Nikaweka sheria. Ukivua koti mlangoni, ung'eng'e umebaki nje. Mpaka kulala."

"Wewe Kifaransa chako umekitoa wapi?" akauliza Balozi. Analijua jibu. Sisi sote tunalijua. Hatuchoki kulisikia.

"Kipo ndani ya nyumba," Darrell akasema, na kidevu kikapanda. "Kila boksi la nchi hii lina lugha mbili. Nasoma upande huu, nageuza, nasoma upande ule. Nimeshika sentensi arobaini."

"Tupe za asubuhi," Redio akasema.

"Asubuhi namwamsha: 'Tikisa vizuri kabla ya kutumia.'"

"Akigoma kula?"

"'Imetengenezwa kwa matunda halisi.'"

"Akilia?"

"'Hifadhi mahali pakavu.'"

Nilikuwa na kahawa mdomoni. Ikatokea puani.

"Na usiku, ukimfunika blanketi?" Jaji akauliza, machozi ya kicheko yanamtoka. "Mtoto anataka neno la baba pale. Unamwambiaje?"

Darrell akasitasita. "'Inaweza kuwa na chembechembe za karanga.'"

Lorna kaunta nzima kaiinamia. Mzee mmoja asiyetuhusu, meza ya tatu, akaweka kijiko chini akafuta macho.

"Na mkeo Tanya?"

"Tanya nilimwambia 'bora kabla ya tarehe iliyoonyeshwa'. Alipojua maana yake hakunisemesha siku mbili."

Balozi peke yake hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe. "Darrell, mimi na wewe tunakaa meza hii mwaka wa kumi na mmoja. Kifaransa nimenyonya kwa mama. Hukuona hata siku moja useme, Tilmon, njoo uongee na mtoto?"

"Balozi, usinielewe vibaya. Wewe Kifaransa chako cha mashua. Cha kuvutia mitego na kutukania injini. Mtoto anahitaji cha shule."

"Na cha boksi?"

"Cha boksi kimepitishwa na serikali!"

Safari hii hatukucheka sana. Balozi alitazama dirishani kidogo, kisha akanyoosha mkono. "Lete hilo faili."

"La nini?"

"Si unakwenda kumtetea mtoto? Tuone kafeli nini."

Darrell akatoa karatasi. Kila ukurasa una duara jekundu la mwalimu, na kila karatasi imechubuka katikati kama goti la mtoto aliyeanguka. Balozi akavaa miwani ya Redio, akaanza kututafsiria.

"'Luc ana matufaha kumi na manne. Anampa dada yake sita. Luc amebakiwa na mangapi?' Jibu limeandikwa ishirini."

"Ishirini?" Jaji akasogeza kiti. "Luc kagawa matufaha yakaongezeka? Huyo Luc asiende shule, aanzishe kanisa."

"'Kuku kataga mayai kumi na tano. Manane yamevunjika.' Jibu, ishirini na matatu."

"Mayai yakivunjika yanazaliana. Mwambieni Lorna afunge duka la donati afuge."

"'Basi la shule lina watoto kumi na wanane. Kituoni wanashuka tisa. Ndani wamebaki wangapi?' Ishirini na saba."

Hapo Jaji akasimama kabisa. "Hapana! Hapo mnanigusa mimi! Miaka thelathini na moja nashusha watoto, sijawahi kushusha basi likajaa! Darrell, bwana, nakuonea huruma, ila saini. Huyo mtoto hata kwa Kichina hatoboi."

Darrell kainamisha kichwa. Mkubwa kama jokofu, masikio yamekuwa mekundu, na baridi kaiacha nje zamani. "Ana akili," akasema chini chini. "Mkiwa naye mtaona. Mwaka jana alikuwa ananihesabia nati za matairi dukani. Akiniambia imebaki nne, imebaki nne."

Redio alikuwa kachukua miwani yake na karatasi ya basi. Posta imemfundisha kusoma hata barua ambazo hazijafunguliwa. Akaiinua dirishani, jua la theluji likapita katikati ya karatasi.

"Hii imefutwa," akasema. "Chini kuna namba nyingine."

"Namba gani?"

"Tisa. Mwandiko wa mtoto. Mkia umepinda." Akachukua ya pili. "Hapa chini ya ishirini kulikuwa na nane." Ya tatu. "Hapa saba." Akashusha karatasi polepole. "Hizi zote mtoto alikuwa amepata."

Jaji akakaa.

"Baba Kinsley," Redio akauliza, "hii ishirini na saba iliyonyooka kama namba ya gari, kaandika nani?"

Darrell akavuta kikombe chake karibu. Lorna alizima redio ya dukani ili asikie vizuri.

"Nilikuwa namsaidia," akasema mwishowe.

"Uliwezaje kumsaidia na swali hujalielewa?" akauliza Balozi.

"Balozi, kuna namba mbili na alama ya kuuliza. Utafanya nini? Unajumlisha."

"Na yeye hakusema kitu?"

"Alisema." Darrell anaongea na kikombe sasa. "Siku ya basi alisema, 'Baba, wanashuka.' Kwa ung'eng'e. Nikamwambia hapana, sheria ni sheria, sema Kifaransa. Akasema kwa Kifaransa. Maneno mengi, na mikono anapunga hivi, wanashuka, wanashuka. Mimi sikuelewa hata moja. Nikafuta."

Jaji akasukuma donati yake pembeni.

"Barua ya shule inasemaje?" nikauliza.

"Kwamba darasani siku hizi hajibu. Anaandika kisha anafuta mwenyewe mpaka karatasi inatoboka. Wanadhani Kifaransa kimemzidi."

"Kimemzidi nani?" Balozi akasema. "Swali kalisoma kwa Kifaransa, kaelewa, kakokotoa, kapata. Ukamtaka akueleze, kakueleza. Mwaka wa kwanza! Wewe mwenzangu ndiye uliyefeli karatasi tatu."

"Sasa nikamwambie nini mwalimu?"

"Ukweli."

"Ukweli hauwezekani. Yule mwalimu ana miaka ishirini na minne! Nikasimame mbele yake, mtu mzima, niseme nilidhani watoto wanapanda?" Akatugeukia mmoja mmoja. "Nisaidieni. Tuseme mbwa kalamba."

"Mbwa aliyelamba akaandika ishirini na saba," Jaji akasema, "huyo ndiye apelekwe darasa la Kifaransa."

"Niseme ni binamu yake."

"Sema ni binamu," Redio akasema, akimrudishia karatasi. "Halafu saini. Mtoto ahame kwa makosa yako, akae miaka kumi na miwili akiamini hesabu hajui. Wewe aibu yako itakuwa imepona vizuri sana."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika kumi na tisa. Darrell akaangalia karatasi, akaangalia mlango. Akazikusanya zote, akazipanga zile zilizochubuka juu. Akatoka bila kumaliza kahawa. Gari lake likaserereka kidogo kwenye kona kisha likashika barabara ya shule.

Sisi tukabaki. Kila mtu alikuwa na shughuli, hakuna aliyeondoka. Jaji akasema amri yake ya kusaini imefutwa kwa kukosa ushahidi. Balozi akasema anasubiri theluji ipungue, na theluji haikuwa inaanguka.

Saa sita kasorobo Darrell akaingia. Akavua kofia. Tukamtazama mikono, maana tulitaka kuona kama kuna fomu.

"Anabaki," akasema.

Lorna akapiga makofi. Jaji akajifanya anakohoa.

"Ulisema ukweli?" Redio akauliza.

"Nilianza na binamu. Mwalimu akamwita Kinsley aingie, basi binamu akaishia hapo. Nikasema ni mimi. Mtoto akanitazama hivi..." Akajipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Mwalimu hakucheka. Heri angecheka. Kasema niongee na mwanangu kwa lugha ninayoijua. Nimsomee hadithi kwa ung'eng'e, tuhesabu ngazi kwa ung'eng'e, soksi, uma, nati za matairi. Kasema hesabu anayoielewa nyumbani anaivusha mwenyewe mpaka kwenye Kifaransa. Hicho niwaachie wao."

"Kwa hiyo miezi minne umemsomea maziwa bure!" Jaji akasema.

"Bure. Na kuna darasa la wazazi, kila Alhamisi. Nimeandikishwa."

"Mnafundishwa nini?"

"Somo la kwanza, kusoma swali."

Tulicheka mpaka Jaji akashika meza. Darrell naye akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile, kisha akamgeukia Balozi, na kicheko kikamwisha.

"Tilmon. Jumapili ukipata nafasi, pita nyumbani. Ongea naye chochote. Hata cha mashua."

Balozi akavaa koti, akafunga vifungo vyote bila haraka. "Nitapita. Ila wewe utakaa chumba kingine."

"Sawa."

"Na kazi za nyumbani za hiyo Alhamisi," nikauliza, "wewe nani atakusaidia?"

"Kinsley. Ameshakubali, ila kaweka sharti. Kasema, 'Baba, usipoelewa, niulize. Sitakufutia.'"

Jaji akatafuta kofia yake kwa muda mrefu, na kofia alikuwa ameivaa. Redio akakunja gazeti. Tukatoka mmoja mmoja kwenye baridi.