Shoka la Keziah Lavuruga Baa ya Kondoo Watatu

Kibao kilisimikwa mchana, na jioni haijaingia sawasawa, kijiwe cha baa ya Kondoo Watatu kilikuwa kimeshachafuka. Baraza la Nether Thrupley, kijiji kimoja cha Kiingereza, lilikuwa limeandika historia, tena kwa herufi za dhahabu: uwanja wa majani mbele ya kanisa "ulitolewa kwa ukarimu na Lodi Thurlow, licha ya fujo za wahuni wachache waliovunja uzio wake."

"Ukarimu!" Hilda Pargeter aligonga meza, bia zikaruka. Ndiye mgonga kengele wa kanisa, kwa hiyo walimwita Kengele, na akipayuka mbwa huwa wanatoka nje. "Lodi, kabaila yule, kazungushia uzio malisho ya watu, ng'ombe wa maskini wakafa njaa! Mama yake babu yangu, Keziah, akaingia na shoka mchana kweupe, akaangusha nguzo zote. Wakamfunga na mimba yake. Babu yangu kazaliwa gerezani! Leo Keziah ndiye mhuni?"

"Keziah ni shujaa wetu sote, Kengele," alisema Posta, mzee aliyebeba barua za kijiji hiki tangu ujana na kuzisoma zile zisizo na bahasha. "Wahuni ni hao madiwani. Watu gani wale? Benchi moja tu wamelijadili mwaka mzima, halafu wakaliweka linatazama ukuta!"

"Labda ili mtu atafakari," alisema Trekta, mkulima mmoja mpana, mkono ndani ya pakiti ya krispi za viazi.

"Atafakari matofali?"

Gwen, mwenye baa, alikuwa anafuta glasi. "Lakini si waliomba maoni? Tangazo lilikaa kwenye kile kisanduku cha kioo pale kituo cha basi."

"Kioo kile kina ukungu tangu vita vya Hitla!"

"Ungefuta, Posta."

"Nifute mimi? Nimekuwa mfagizi wao?"

Hilda hakucheka. Baba yake alikuwa akipita nyuma ya kanisa maisha yake yote, kwa sababu pale mbele watoto walimwita mjukuu wa jela. Alikufa na aibu ile, na sasa wameipaka dhahabu. Roho ilimuuma.

"Kikao ni leo, ukumbini hapo ng'ambo," alisema. "Mwananchi anapewa dakika tatu za kusema. Twendeni wote."

Ghafla goti la Posta likaanza kumsumbua. Trekta naye akakumbuka kwamba ana ng'ombe anayekaribia kuzaa.

"Si wamekwishazaa wote?" Gwen aliuliza.

"Kuna mmoja mvivu."

"Na ukienda usikae mbele," Posta alimwonya Hilda. "Viti vyao vitupu, hakuna anayegombea. Wanawinda watu. Unaingia kuuliza saa, unatoka diwani!"

"Ndivyo walivyomnasa Trekta," alisema Gwen. "Si alikwenda kulalamikia mavi ya mbwa?"

Vichwa vyote vikageuka. Trekta alitoa mkono kwenye krispi polepole.

"Wewe?" Hilda alisimama. "Wewe diwani? Miaka yote hii unakaa hapa unatukana baraza na sisi?"

"Sasa kwa jinsi mnavyowasema, ningekunywea wapi?"

"Na kibao ulikipitisha wewe?"

"Wenzangu walinyoosha mikono, na mimi nikanyoosha! Nilidhani tunapigia kura chai!"

"Pumbavu zako! Ukoo wangu mzima umekwenda na chai!" Hilda alimkamata ukosi wa koti, akamvuta mpaka mlangoni. Mwanamume mzima anakokotwa kama gunia la viazi, wala hakubisha.

Posta akabaki na goti lake na bilauri mbili, kwani ile ya Trekta ilikuwa haijaisha.

Wakarudi kabla mto wa kiti haujapoa. Macho ya Hilda yalikuwa mekundu, lakini anacheka.

"Kinashushwa kesho!" alisema. "Kitaandikwa upya: uwanja huu ulikombolewa na Keziah Pargeter kwa shoka lake."

"Acha kamba," alisema Posta. "Wamekubali hivihivi?"

"Nilisema mpaka sauti ikanikauka. Kumbe kura haipigwi, akidi haijatimia! Walikuja wawili tu, mwenyekiti na huyu hapa. Basi wakaniomba niwe diwani ili itimie. Nikasaini, nikatoa hoja, Trekta akaunga mkono. Na safari hii nilimuuliza kwanza kama anajua anachonyooshea."

Gwen alipiga vigelegele. Hilda alikaa, akashusha pumzi. Alimfikiria baba yake akipita mbele ya kanisa, mchana, kichwa juu.

Posta alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Kwa hiyo mmejifungia huko watu watatu, mkabadilisha historia ya kijiji."

"Posta, si nilikuomba uje?"

"Mimi mwananchi wa kawaida, goti bovu. Wananchi tumeulizwa? Tena huyo Keziah si ndugu yako? Hujamaliza hata saa moja madarakani, undugunaizesheni umeshaanza!"

Akabeba bilauri zote mbili, akahamia kwa wacheza vishale kule kona ya pili, tena akitembea bila kuchechemea.

"Jamani," alisema, "mmesikia uchafu wa baraza hili jipya?"