Bango la Dakika Arobaini na Tano

Kwa Ndugu Masereka,
Mpangaji wa Njia za Baiskeli za Wageni,
Kasese.

YAH: BANGO ULILOLISIMAMISHA CHINI YA MLIMA WETU BILA KUTUULIZA

Ndugu Masereka,

Assalaam aleikum. Kama salamu hiyo si ya kwenu, chagua nyingine uipendayo, maana sina ugomvi na wewe kama mtu. Mimi ni Magidu, msukuma baiskeli wa mlima wa Kithende, juu ya Bwera. Asubuhi nashusha kahawa na ndizi za watu hadi sokoni. Mchana nikishaswali, saa saba na nusu, naanza kupanda kurudi nyumbani na chumvi, sabuni na samaki wawili. Nimeifanya kazi hii miaka tisa na hakuna mtu aliyewahi kunipima.

Mwezi uliopita ulikuja na ramani, ukatuambia umechora njia ya siku tatu ya wageni wanaopenda kuendesha baiskeli. Siku ya kwanza watoke darajani Katunguru hadi Kasese. Ya pili wapite Rukoki, waingie bonde la Mubuku na kulala Bugoye. Ya tatu waje Bwera na kupanda Kithende. Siku mbili za kwanza sizigusi, watu wa huko wana midomo yao. Malalamiko yangu ni ya siku ya tatu, nami nayapanga kwa namba ili usiseme nimeandika kwa hasira.

1. Bango lenyewe. Limeandikwa kwa rangi nyeupe: KITHENDE, KILOMITA 6, DAKIKA 45. Ndugu yangu, dakika hizo ulizitoa wapi? Sisi wenyeji tunajua, na wake zetu wanajua kwa sababu tumewaambia, kwamba mlima huu haupandiki chini ya saa tatu na nusu. Halafu umeliandika kwa Kiswahili, wakati wageni hawakijui. Anayekisoma ni nani kama si mke wangu?

2. Wageni wako hawana adabu ya mlima. Sisi wasukuma baiskeli tuna sheria moja, na ni ya zamani kuliko lami: humpiti mwenzako aliyepumzika. Ukimkuta amekaa, nawe unakaa. Akiinuka, mnaondoka pamoja. Sasa kwenye kona ya pili kuna Jean-Bosco, aliyetoka Butembo na kusukuma baiskeli hapa miaka mingi kabla goti halijamkatalia. Amefungua kibanda cha chai na drafti moja ya vizibo vya soda. Jean-Bosco anapumzika tangu asubuhi. Je, kisheria tufanye nini? Tunakaa. Wakati mwingine anapumzika hadi saa kumi, nasi tunavumilia, maana sheria ni sheria. Wageni wako wanampungia mkono na kupita. Wa kwanza alipofanya hivyo, Jean-Bosco alishika kizibo hewani akasema, "Huyu mutu iko na haraka ya wapi? Mulima haihami!" Na huyo mtu, nakuomba ulitazame vizuri jambo hili, alikuwa mama wa Kizungu mwenye mvi kichwa kizima, umri wa mama yangu mkubwa, na mifuko miwili nyuma ya baiskeli.

3. Umeitia nyumba yangu kwenye ramani. Pale juu umeandika kwamba kwenye nyumba ya mabati ya bluu mgeni anapata maji ya kunywa yaliyochemshwa. Mabati ya bluu ni yangu peke yangu. Nasikia Naimah, mke wangu, ndiye aliyekubali, nawe ukamshukuru, mkaagana, na mimi niko kona ya pili natii sheria. Yule mama mwenye mvi alifika, akanywa maji, akasifu maua, kisha akamwonyesha Naimah kisaa kilichofungwa kwenye usukani. Dakika arobaini na moja. Jioni, nilipofika nikihema kama kawaida, Naimah alinipokea sabuni na kuniambia kwa upole, "Baba Ziyad, ule mama ilipanda dakika arobaini na moja. Na ilisimama kupiga picha."

4. Chakula. Hapa sitanii, Ndugu Masereka. Kwa miaka tisa Naimah hajala chakula cha mchana kabla sijafika. Anapika, anafunika, anangoja, tunakula saa kumi na moja, na kila siku ananipa pole kwa mlima. Nilikuwa naipokea hiyo pole. Tangu siku ya yule mama, anasonga bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na kuitenga mezani pamoja na mboga ya sombe saa nane na robo kamili, yaani dakika arobaini na tano baada ya swala yangu, sawasawa na bango lako. Kisha ameitoa saa ya ukutani, ameiweka kando ya sahani yangu. Nikifika, bundu imeganda, saa inasema ta-ta-ta, na yeye ameketi hapo hajala bado. Hagombi. Ananikaribisha tu. Wewe hujawahi kula mbele ya saa. Moyo unaniuma, na sababu ni bango.

5. Kuhusu mshale. Umelalamika kwamba kuna mtu aliyegeuza mshale wako njia panda, ukaelekea kwenye lami, na kwamba wageni kumi na mmoja walifuata lami hadi mpakani wakajikuta kwenye foleni ya kuingia Congo, wamevaa zile kaptura zao za kubana, katikati ya kina mama wenye maharage. Nasema kwa ufupi kwamba upepo wa Bwera una nguvu. Na kama aliyeugeuza ni mtu, basi ni mtu mwenye heshima, aliyelelewa kumwonyesha mgeni njia rahisi. Kwetu humwelekezi mgeni kwenye mlima wakati tambarare ipo. Ungemwelekeza shemeji yako hivyo?

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo. Kwanza, bango lisomeke saa tatu na nusu. Kama rangi imekwisha, ninayo ya mabati, ya bluu. Pili, visaa vyote vya usukani vikusanywe Kasese na kurudishwa kwa wenyewe baada ya safari. Tatu, kila mgeni alazimike kukaa kwa Jean-Bosco hadi atakapoinuka, na acheze drafti walau mara tano, ashindwe zote, ili afike juu kwa muda unaolingana na mila zetu. Nne, kama hayo ni magumu, barabara ya mlima imwagiwe mawe makubwa kila baada ya mita mia. Tutayabeba wenyewe, hatutaki msaada. Tano, kama hata hilo haliwezekani, basi futeni Kithende kwenye ramani kabisa, mseme hapo ni tambarare. Hakuna mgeni atakayekuja kupanda tambarare, na nyumba zetu zitapata amani.

Nisalimie wote hapo ofisini, na yule binti aliyeshika upande wa pili wa ramani siku ile upepo ulipotaka kuichukua. Wasukuma baiskeli wenzangu wanakusalimu, isipokuwa wawili ambao wake zao nao wamesoma bango. Jean-Bosco anakusalimu kwa kuketi.

Ni mimi mwenye kuumizwa na hesabu zako,
Magidu wa Mabati ya Bluu,
Kithende, Bwera.

N.B. Barua hii niliimalizia jana kwenye meza ya Jean-Bosco. Leo, kabla ya kuituma, nikaona nikose ushahidi kwa nini? Nikaazima saa ya mkononi sokoni, nikapanda baiskeli pale penye bango na chumvi yangu nyuma, nia yangu ikiwa kukuumbua. Nilipompita Jean-Bosco alipiga kelele, "Magidu, unakimbia nani? Hakuna mutu nyuma yako!" Pumzi yote ilikuwa miguuni. Nilifika juu kwa dakika thelathini na nane. Naimah alikuwa bado anasonga. Aliangalia barabara nyuma yangu kuona nani amekufa, kisha akaniangalia mimi, akaanza kucheka hadi akakaa chini na mwiko mkononi. Nikamsaidia kushika sufuria. Ndugu Masereka, mimi sikujua kwamba bundu ya mke wangu hutoa moshi.

Kwa hiyo zingatia yafuatayo badala ya yale. Bango libaki. Ile 45 ifutwe iandikwe 38, na chini yake jina langu kwa herufi kubwa, na yule mama apelekewe habari huko aliko, kwa heshima. Mshale nimeurudisha mwenyewe. Jean-Bosco anatafuta mtu wa kucheza naye drafti mchana. Na Naimah ameirudisha saa ukutani.