Ombi la Kutenganisha Fizi na Moyo

Kwa Daktari wa Meno, Ndugu Vaitoa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. U mzima? Mgongo wako umepoa? Sisi hatujambo, isipokuwa kwa haya uliyotuletea.

Ulipotufundisha ukumbini ulisema ugonjwa wa fizi na ugonjwa wa moyo mara nyingi huandamana, tena kwamba majani, matunda na kakao vina vitu vya kuulinda mwili usichakae. Tuliitikia amina. Sasa nalalamika, kwa heshima zote:

1. Komiti ya wanawake, ambayo kila mwezi hukagua mikeka, masufuria na vyoo vyetu, imeongeza fizi. Mwenyekiti, Mama Fiasili, anakuja na tochi. Jirani yangu alifaulu choo akafeli mdomo.

2. Mume wangu Peniamina ndiye mnenaji wa kijiji, anayewahutubia wageni kwa niaba ya machifu. Fizi zake hutoka damu hata akila ndizi mbivu. Komiti ilipofika alisimama mlangoni: "Kinywa hiki nakifungua mwenyewe, tena kwa hotuba!" Mama Fiasili akamjibu, "Basi hutubu, mzee wangu, nami nichungulie." Tangu hapo hafungui kinywa hadharani. Wageni walipotuletea mikeka ya rambirambi msibani, aliegemea fimbo yake akaguna tu, mmm, mmm, hotuba nzima. Wageni walilia. Wanasema hawajapata kusikia maneno mazito namna ile. Vijiji viwili vimeomba aende akagune na kwao.

3. Anajitibu mwenyewe. Anakunywa maji ya matunda ya nonu yaliyochachia kwenye chupa, harufu yake imemfanya nguruwe wetu ahamie kwa jirani. Halafu anaondoa ladha kwa kakao, bakuli baada ya bakuli, sukari imetuama chini kama mchanga. Nikimkanya ananiambia, "Mama, daktari kasema mimea ni kinga." Na sukari je? "Kwani muwa si mmea?"

4. Kwaya anaiongoza kwa nyusi. Jumapili alipiga chafya, sauti zote zikaingia kwa pamoja, tukamaliza wimbo wa kufungia ibada kabla mchungaji hajasimama.

Kwa hiyo naomba serikali itenganishe rasmi fizi na moyo. Moyo ubaki hospitali, fizi zirudi nyumbani, kila upande uugue peke yake bila kumsumbua mwenzake. Ikishindikana kwa nchi nzima, hata kwa kijiji chetu tu. Nimeliombea jambo hili, wala sijaona andiko linalokataza.

Msalimie mkeo, wauguzi wote, na yule dereva wa kliniki aliyemaliza magimbi yetu.

Mimi dada yako katika imani,
Talalelei, mke wa Peniamina

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha mume wangu aliporudi kutoka kanisani. Ni kuvuka uwanja tu, lakini aliketi katikati, mkono kifuani. Nikakimbia kumuuliza kinamuuma nini. Akaguna. Daktari, ule uhusiano usiufute. Uache kama ulivyo. Ila mwandikie barua yenye muhuri, kwamba kliniki inamwomba mnenaji aje afungue kinywa kwa niaba ya kijiji kizima. Kwa heshima hiyo atakuja, na akiwa hapo kitini mpime na moyo. Tafadhali nijibu upesi.