Kila Familia na Daktari Wake: Uzinduzi wa Kituo cha Kessler Creek

(Hotuba ya Dkt. Garnet Wimbush, Rais wa Shirikisho la Mabara Yote la Madaktari wa Familia, aliyoitoa mwezi Januari katika ukumbi wa Klabu ya Mawe ya Barafu, Kessler Creek, Saskatchewan, Kanada. Imenukuliwa neno kwa neno na katibu wa klabu, ambaye naye hana daktari.)

Mheshimiwa Meya Lyle Tangedal, pamoja na mkufu wako wa umeya; waheshimiwa madiwani watatu mliopo, na yule wa nne aliyetuma udhuru kwa sababu ya mgongo; Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya Uzinduzi; Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kamati hiyo; Dkt. Arlene Poitras, daktari wa ng'ombe na farasi, ambaye kwa heshima zote tumemweka nyuma karibu na mlango. Mabingwa wa klabu hii wa mwaka juzi, wa kutelezesha mawe juu ya barafu. Akina mama mliotupikia perogi, vile vitumbua vya kuchemsha vyenye viazi ndani. Wagonjwa, wagonjwa watarajiwa, mabibi na mabwana: kama kuna mkubwa nimemruka, naomba ajihesabu ametajwa, tena wa kwanza. (Makofi. Kikohozi, safu ya tatu.)

Ndugu zangu, kwanza niombe radhi kwa kuchelewa saa mbili. Nilikuwa kwenye kikao kuhusu muda ambao wagonjwa husubiri. (Minong'ono.)

Wengi wenu mnanifahamu. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa daktari pekee wa mji huu, pale zahanati ya njia panda, na hakuna goti wala koo humu ndani ambalo sikulichungulia. Lakini miaka tisa iliyopita, nilipoona kwa uchungu mkubwa jinsi miji midogo ya nyanda hizi inavyokosa madaktari wa familia, nilishindwa kuvumilia. Nikafunga zahanati, nikahamia Toronto, ili nikalishughulikie tatizo hilo kwa mapana yake.

Na nimelishughulikia! Tangu siku hiyo nimehudhuria mikutano mikuu kumi na minne katika mabara matano, nimeongoza vikosi kazi tisa, na Shirikisho chini ya uongozi wangu limepitisha maazimio mia mbili na sita, likiwemo Azimio namba themanini na nane, linalotamka bila kumung'unya maneno kwamba daktari wa familia akae karibu na familia, azimio ambalo tulilipitisha kwa kauli moja, saa sita usiku kwa saa za huku, katika ghorofa ya thelathini na tisa ya hoteli moja huko Singapoo. (Kikohozi, kirefu kuliko cha kwanza. Mheshimiwa Rais anainamisha kichwa kushukuru.)

Asante, mzee Orest Hrynchuk. Naona jambo hili limekuingia.

(Bi. Verna Hrynchuk, mke wa mzee Orest, anasimama: "Halijamwingia kitu, Garnet! Kifua kinambana tangu asubuhi, na miguu imevimba hata buti hazifungi. Nimemleta kwa sababu tuliambiwa leo daktari anakuja. Mwangalie dakika moja, halafu endelea kuongea mpaka majira ya joto.")

Nakushukuru sana, Bi. Verna, kwa mchango huo mzito, ambao nimeupokea na utaingizwa kwenye kumbukumbu. Suala la kifua cha mzee Orest ni suala mtambuka. Linagusa sera, linagusa mfumo, linagusa rasilimali watu, na haitakuwa busara kulivamia kwa pupa kabla ya upembuzi yakinifu.

(Bi. Verna: "Leseni unayo?")

Leseni ninayo, mama, na naihuisha kila mwaka, kwa sababu katiba ya Shirikisho inataka Rais awe daktari wa familia anayehudumia wagonjwa. Ila kwa mujibu wa ratiba iliyoko mbele yangu, sasa hivi ni hotuba, baada ya hotuba ni utepe, baada ya utepe ni picha ya pamoja, na baada ya picha ni pai. Mgonjwa hayumo. (Mtu mmoja safu ya nyuma: "Makubwa haya!")

Tuje kwenye takwimu, maana takwimu hazina kelele. Wakati nashika madaraka, ni asilimia sifuri tu ya wakazi wa Kessler Creek waliokuwa wameunganishwa na daktari wa familia. Leo hii, nasimama kifua mbele kutangaza kwamba mmefika asilimia mia moja! Mbinu yetu ya kuhesabu, ambayo imesifiwa kimataifa, inatambua kwamba mtu aliyeandikwa kwenye orodha ya kusubiri daktari tayari ameunganishwa, kwa kuwa ameunganishwa na orodha. Bi. Verna na mzee Orest wameunganishwa kwa miaka sita mfululizo, na mimi binafsi nawaonea fahari. (Bi. Verna anamfungua mumewe kola. Dkt. Poitras anaondoka mlangoni, anapita katikati ya viti.)

Sasa niwaletee habari njema iliyonitoa Toronto. Kituo chenu cha Daktari wa Familia kimeanza! Hapo nje, nyuma ya jengo hili, awamu ya kwanza imekamilika kwa kiwango cha juu, yaani maegesho ya kisasa yenye nguzo kumi na mbili za umeme za kuchomekea magari, ili injini zenu zipate joto zisigande wakati mnamsubiri daktari. Nimeona kwa macho yangu magari yenu yote yamechomekwa, na hii baridi ya nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, machozi yakanilengalenga, nikasema kweli wananchi wameupokea mradi. (Dkt. Poitras amepiga magoti mbele ya mzee Orest na kile kipimo chake cha kusikilizia ng'ombe. Ukumbi mzima unamtazama yeye.)

Naomba macho yawe huku mbele, tafadhali.

(Dkt. Poitras: "Mapafu yana maji. Ningekuwa nimeitwa kwa ndama ningejua la kufanya. Huyu aende hospitali sasa hivi, gari la wagonjwa limeshatoka kwenda kwingine. Verna, washa gari." Bi. Verna anatoka mbio. Meya anatoka nyuma yake, na mkufu wake.)

Nawaruhusu hao waende, nasi tuendelee. Changamoto zipo, sikatai. Kuna watu wa maneno maneno wanaouliza jengo liko wapi. Nawauliza na mimi: nyie mnataka jengo au mnataka dira? Jengo linaungua. Dira umewahi kuiona inaungua? (Bi. Verna anarudi, Meya nyuma yake, theluji mabegani: "Haliwaki! Gumu kama jiwe! La Lyle nalo haliwaki, hakuna linalowaka hata moja! Garnet, nguzo zako hazina umeme!")

Bi. Verna, nguzo na umeme ni vitu viwili, na viko chini ya kamati mbili tofauti.

(Bi. Verna: "Na lile jeusi linalonguruma mlangoni tangu ulipofika?")

Lile ni gari la Rais. Haliruhusiwi kuzimwa, wala kuchukua mtu asiye mjumbe.

(Bi. Verna anatoka tena nje. Watu wanne wanamnyanyua mzee Orest pamoja na kiti chake. Dkt. Poitras anawafungulia mlango. Baridi inaingia mpaka jukwaani na karatasi za Mheshimiwa Rais zinapeperuka. Anaziokota, anaendelea pale alipoona panasomeka.)

Kwa kumalizia, basi, niwashukuru wote waliofanikisha siku hii. Namshukuru fundi aliyesimika nguzo kumi na mbili jana mchana kwa ajili ya picha, akanipigia simu kuniuliza waya aupeleke wapi, nikamjibu kwamba waya ni awamu ya pili. Ningependa kuwashukuru na wahusika wa awamu ya pili, lakini simwoni hata mmoja, kwa sababu awamu ya pili, pamoja na jengo, pamoja na daktari, haijapata kuandikwa mahali popote isipokuwa kwenye bango hili nyuma yangu. Namshukuru na yule dada mwenye koti jeupe anayetabasamu kwenye bango, ambaye kwa taarifa nilizonazo ni muuza miwani. Na kwa namna ya pekee namshukuru dereva wangu, Bwana Fennimore, aliyenileta salama na ambaye, nikiangalia hapo dirishani, naona... naona anaondoka. Bi. Verna amekaa mbele, mzee Orest nyuma. Fennimore! Anawasha taa kabisa. Mheshimiwa Meya, basi linalofuata la kwenda mjini ni lini?

(Meya: "Alhamisi. Kama barabara itasafishwa.")

Leo ni Jumatatu.

(Meya: "Ndiyo hivyo. Ila usihofu, ufunguo wa zahanati upo. Verna amekuwa akiifagia kila Jumamosi miaka yote tisa. Tulimwambia anajisumbua bure, akasema mtu akirudi asikute vumbi.")

(Mheshimiwa Rais anakunja karatasi zake, anazikunjua, anazikunja tena. Watu wanaanza kuhama kwenye viti.)

Basi... kaulimbiu yetu. Kila familia! (Ukumbi: "Na daktari wake!") Kila familia! ("Na daktari wake!") Asanteni sana kwa kunisikiliza. Naona mmejipanga mstari. Kama ni wa pai, meza iko kule upande wa pili, ndugu zangu, mbona mnaelekea huku?

(Nukuu zinaishia hapa, kwa sababu katibu aliweka kalamu chini akawa wa kwanza kwenye mstari. Presha yake iko juu. Mheshimiwa Rais alipompima alimfunga kipimo kinyume, akaomba radhi, akasema ni miaka tisa. Saa kumi na moja jioni Bi. Verna alipiga simu kutoka hospitali: mzee Orest amewekewa oksijeni, anaongea, na anauliza kama daktari bado yupo. Tumemjibu kwamba yupo mpaka Alhamisi, na barabara hatutaisafisha.)