Watoto Thelathini wa Mwenyekiti

Kamati ya Uwiano wa Pumu ilitangaza, mbele ya keki na kamera, kwamba Kampala imeondokana na tofauti. Watoto wa Katwe walikuwa wakiletwa chumba cha dharura mara tisa zaidi ya wale wa mlimani kwa matajiri, jambo lililoharibu kabisa sura ya grafu. Baada ya kuketi hotelini siku tatu, Kamati ilipata tiba: kila mtaa nafasi thelathini za matibabu kwa mwezi, isizidi hata moja. Moshi wa karakana za vyuma, alieleza Mwenyekiti, Hajji Faruk, haumo katika hadidu za rejea.

Nesi Dolphine wa chumba cha dharura akakabidhiwa daftari na muhuri. Bila muhuri, dirisha la dawa halitoi kitu. Kufikia tarehe nne Katwe ilikuwa imemaliza pumu yake, na nafasi za mlimani zimekaa bure, maana watoto wa huko wana pampu zao kando ya kitanda.

Tarehe tano akaingia Moreen, muuza chapati wa Katwe, amembeba mwanawe Obura. Mtoto alivuta pumzi mbavu zikachomoza, na midomo ilishaanza kubadilika rangi. Dolphine alishikwa na woga, kisha hasira.

"Mnakaa wapi?"

"Katwe, sista. Pale wanachomelea masufuria."

"Hapana. Mnakaa mlimani."

Moreen akamkodolea macho. "Mlimani kwa nani?"

Dolphine alijua anwani moja tu ya huko, ile iliyochapwa chini ya waraka wa Kamati. Akaiandika, akagonga muhuri, dawa ya mvuke ikatoka. Baada ya saa moja Obura alikuwa anadai soda. Habari za anwani hiyo nzuri zikaenea Katwe, na mwezi haujaisha mlima nao ukatimiza thelathini zake.

Waziri wa Afya alifurahi mno. Katwe thelathini, mlimani thelathini, uwiano kamili. Akatuma barua ya pongezi nyumbani kwa Mwenyekiti, pamoja na orodha ya watoto na mama zao, akiuliza kwa heshima inakuwaje wote wanalala nyumba hiyo moja.

Barua ilipokelewa na mkewe, Hajati Zuleika. Asubuhi ileile aliingia chumba cha dharura, mume nyuma yake.

"Baba Aminah, hawa mama thelathini ni kina nani?"

Hajji akamgeukia nesi, akamwomba aseme ukweli tu, aseme ni watu wa Katwe. Dolphine alijibu kwa adabu kwamba daftari la serikali halisahihishwi kwa mdomo. Linahitaji maandishi ya Mwenyekiti. Akamsogezea karatasi.

Hajji, mkewe akisoma begani kwake, aliandika kwamba watoto ni wa Katwe, walikuwa wagonjwa kweli, na kamati yake ndiyo iliyowafungia mlango. Akatia sahihi, akanyoosha mkono aichukue.

Zuleika alikuwa ameshaitia mkobani. "Waziri nitampelekea mwenyewe," alisema.